Kabula, Nimeiona Mahari kwenye Kompyuta Yako

Kabula mwanangu, mayu, mama yangu,

Nina miaka sabini na sita. Nimemzika mama yako. Nimeziona pantoni mbili zikizeeka kule Kigongo, injini zake zikiwa mikononi mwangu, na nahodha aliyeniambia nitatangulia mimi kwa ule moshi wa dizeli jeneza lake nililibeba kwa bega hili hili. Sasa hata kivuko chenyewe nimekiacha nyuma. Daraja limeisha, magari yanakwenda Busisi juu kwa juu, hayangoji tena honi ya mtu. Yote hayo nayasema mbele ya watu nimesimama wima. Lakini kubaki hai wewe ukiwa umeondoka, hilo silisemi nimesimama. Hilo nalisema nimekaa.

Nimekaa hapa hapa Igogo, kwenye meza yako ya dirishani. Na barua hii siiandiki kwa kalamu. Naiandika ndani ya kompyuta yako, kwenye lile dirisha jeusi ulilokuwa unaliita teminali, kwa vidole viwili. Umesikia? Baba yako, mtu wa kisomo cha watu wazima. Napiga herufi moja, naitafuta ya pili, naipiga. Rehema, rafiki yako, ataipitia anisahihishie L na R zangu tu. Mengine nimemkataza asiyaguse.

Nikupe habari tangu tukulaze Misungwi kando ya mama yako.

Kwanza kompyuta. Ulipokuwa umelazwa hospitali nayo ilizima. Nikaipeleka kwa fundi mjini, akaitia bisibisi, akatikisa kichwa. "Mzee, diski imekufa. Vilivyokuwemo havipo tena." Nikamwambia wewe kijana una haraka ya kuzika. Akaniwekea diski nyingine, tupu kama mtungi mpya, nikarudi nayo kwapani.

Pili, wanawake wa mwaloni. Ule ujumbe wako wa asubuhi kwenye simu zao, anikeni au msianike, ulikatika siku ile ile ulipoingia wodini. Wakazoea vibaya kwa sababu uliwazoesha vizuri. Mama Kulwa alianika chanja zake zote jua likiwaka, saa nane mvua ikashuka, dagaa wakawa uji. Alipokuja kunipa pole ya msiba alikunja ncha ya kanga yake, akaikunjua. Halafu akasema, "Mzee Masanja, sikuja kulalamika. Nimekuja kuuliza tu, Kabula ameacha mtu?"

Nikamjibu, "Ameniacha mimi."

Akaitazama mikono yangu. Unaijua mikono yangu, vidole kama mihogo. Akasema, "Haya, Mzee," kwa ile sauti ya kumwambia mtoto kwamba ndiyo, atakuwa rubani.

Mayu, jambo lile liliniingia. Miaka thelathini mimi nimeshika injini, abiria wamelala juu yangu wakijua watafika, leo mtu ananiambia haya Mzee!

Siku ya kumaliza matanga ndipo mambo yalipochemka. Baba yako mdogo Shija alisimama mbele ya ukoo akaitaka kompyuta. "Kaka, nipe niiwekee mfumo wa watu wa kawaida, angalau tutaangalia mpira. Ule ukurasa mweusi alikuwa anauelewa Kabula peke yake, na Kabula hayupo." Wakaitikia kwa vichwa. Nikasema hapana. Wakauliza nitaifanyia nini. Nikasema nitaurudisha ujumbe wa mwaloni. Shija akacheka. "Kaka, wewe hata simu unatafutiwa majina ndipo upige!" Kikao kizima kikacheka, na mimi nikacheka nao kwa meno.

Halafu nikaweka sharti, na unanijua nikishaweka. Nikasema, mvua ya kwanza ya vuli ikishuka na ujumbe haujatoka humu ndani, Shija aje aichukue, aifute yote, nami sitanena. Wakaandika kwenye kumbukumbu za kikao. Nikatia dole gumba, ingawa kuandika jina naweza, ili waone nimekasirika.

Nyumbani ndipo nilipoogopa. Hilo ninakwambia wewe tu.

Nikampigia Rehema, rafiki yako wa kazini, yule wa Kiseke. Jumamosi akaja na flashi shingoni kama hirizi. "Shikamoo baba." Marahaba, tuanze. "Hata chai, Baba Kabula?" Nikamwambia chai inakuja mashine ikiwaka. Akasema sasa najua Kabula alikotoa ukaidi.

Aliiweka Linux upya. Mimi natamka Linaksi, na inaitika hivyo hivyo. Halafu akafungua teminali, akanigeuzia kiti. "Hapa hakuna picha za kubofya, baba. Unaiandikia amri, nayo inatenda au inakataa." Nikamwambia huko ndiko nilikozeekea. Kwenye chumba cha injini mtu haoni ziwa. Kengele inalia juu, wewe chini unatenda. Mwenye kutaka kuona mandhari apande juu kwa abiria.

Nikajiona nimeshaiweza. Nikaandika amri ya kwanza ya kuleta zana, ile inayoanza na sudo, mashine ikadai neno la siri. Nikapiga herufi ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya, hata nukta haikutokea. Nikaipiga kibodi kofi. Rehema akanishika mkono, "Baba! Inakusikia! Neno la siri haionyeshi, watu wasichungulie!" Sasa mimi ningejuaje? Mashine gani inasikia na kunyamaza? Ila nimekuja kuipenda tabia hiyo. Mama yako alikuwa nayo.

Tukaleta zana moja moja. Ile git, daftari linalokumbuka kila ulichobadilisha na kwa nini. Tmux, inayokata dirisha vipande, huku programu inakimbia, huku unaitazama inavyopumua, na ukitoka yenyewe inaendelea. Chombo cha kuandikia kikatugombanisha. Rehema akaniwekea chake anachokisifu. Nikaingia. Kutoka nikashindwa. Mayu, mimi nimetoka kwenye chumba cha injini kilichojaa moshi, nikiwa nimefumba macho, nikishika bomba hadi bomba, lakini pale sikuuona mlango. Nikaifunga kompyuta kama kitabu nikaenda kulala. Kesho yake nikasema nataka nano, yenye maelezo yake pale chini kama alama za barabarani. Rehema akasema ni ya wanaoanza. Nikamwambia na mimi ninaanza, hiyo aibu iko wapi?

Kilichonitesa kweli ni herufi.

Unajua ulimi wangu. Ulipokuwa darasa la pili ulikuwa ukinisomea kitabu, mimi nikirudia, unaniziba mdomo kwa kiganja. "Baba, siyo kurara. Kulala. Weka ulimi juu." Nikaweka ulimi juu, nikasema kurara, ukacheka hadi ukaanguka kwenye mkeka. Basi nilidhani ni mambo ya mdomo. Kumbe na vidole vina ulimi! Rehema akirudi Kiseke ananisomea amri kwa simu, mimi nasikia vyangu. Ya kutazama vilivyomo ni ls. Mimi naandika rs. Mashine inajibu Kiingereza chake, namsomea Rehema herufi kwa herufi, ananiambia, "Inasema amri hiyo haipo, baba. L. L ya Lamadi." Nami nasema ndiyo hiyo hiyo niliyoandika! R ya Ramadi!

Ya kusafisha skrini, clear, nikaandika crear. Amri haipo. Siku nzima mashine inaniambia haipo, haipo, kama karani wa dirishani. Nikaapa mbele ya Rehema kwamba mashine hii imefundishwa na watu wa pwani.

Ndipo nikakumbuka siku moja, kabla hujaugua. Nilikuja kukuchungulia, ukaniambia kaa, jaribu. Nikaandika rs. Ikakataa. Nikaandika tena kwa nguvu zaidi. Ikakataa. Nikasimama, nikasema, "Mashine yako haina adabu kwa wazee," nikaenda kunywa uji wangu nje. Wewe ulicheka, halafu ukanyamaza ukabaki unaandika, unaandika. Nikadhani umerudi kwenye kazi zako.

Shika hapo, nitarudi.

Kazi yako, kumbe, haikufa na diski. Fundi aliongopa bila kujua. Rehema alisema ulikuwa na desturi ya kupeleka nakala mtandaoni kila ukimaliza kubadilisha kitu, na funguo ulimwachia. Akaniandikia mstari wa kuivuta kwenye karatasi, kila L akaizungushia duara. Nikaunakili kwa robo saa. Nikabonyeza. Mayu, vikaja. Vikaja vyote, mstari juu ya mstari, kama abiria wanaoshuka Kigongo sikukuu. Nikavua kofia.

Rehema kwenye simu akasema, "Sasa ingia kwenye folda ya mahali, ndimo yalimo majina ya mialo na namba za akina mama. Bila hiyo programu haijui imtumie nani."

Nikaandika. Haipo. Nikaandika tena. Haipo. Moyo ukaanza kwenda kama injini yenye maji kwenye mafuta. Nikasema, "Rehema, mahari haipo."

"Mahari ipi, baba?"

"Mahari ya Kabula! Naitafuta humu, haimo!"

Hapo ndipo nikasikia nilichokisema. Sebuleni peke yangu, mzee wa miaka sabini na sita, naitafuta mahari ya binti aliyezikwa hajaolewa. Nilisikia pua yake kwenye simu. Baadaye akasema polepole, "Mahali, Baba Kabula. Ni L. Ipo. Majina yote yapo."

Nikakata simu. Siku hiyo sikuigusa tena. Shija alipita kusalimia, akaniona nimekaa nayo imefungwa mapajani, akasema, "Kaka, mawingu ya vuli yameshaanza kule Ukerewe." Nikamwambia mawingu nayajua tangu hujavaa kaptula. Akaenda zake.

Asubuhi nikaamka na hasira nzuri, ile ya kazi. Rehema alikuwa safarini kikazi, akaniachia karatasi yenye jambo moja la mwisho. Alisema ndani ya ile nakala limo faili lako la mpangilio, linaloanza na nukta, na mafaili ya namna hiyo mashine huyaficha hata ukiangalia huyaoni. Humo ndimo ulimopanga teminali ikae unavyotaka wewe. Nikakumbuka maneno yako, kwamba umeipanga kama ubao wangu wa spana. Ule ubao kule pantoni, kila spana nimeichorea umbo lake kwa rangi nyeupe, mkono unaifuata gizani na isiporudi pengo linalia. Vijana walinicheka kwa ubao ule hadi siku taa zilipozima katikati ya maji.

Nikaunganisha faili lako na mashine hii ya diski mpya, mstari mmoja tu, wenye L mbili za duara. Nikafunga dirisha. Nikafungua jingine.

Likaandika lenyewe, mimi sijagusa kitu:

Mafuta. Kamba. Lango. Honi.

Kabula. Hayo ni maneno yangu. Ndiyo niliyokuwa nikiyataja kila mara kabla pantoni haijang'oka, na wewe umekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa na sare yako ya shule, unayataja pamoja nami. Nilikaa nayatazama. Halafu mkono, kwa ujinga wake wa siku zote, ukaandika rs.

Ikafungua. Folda zote zikajipanga. Nikasema Mungu wangu, hatimaye nimeipata L! Nikatazama vizuri. Ni R. Nimeandika R nayo imetii. Nikaandika crear, skrini ikasafishika. Nikasimama nikazunguka meza, nikakaa tena.

Nikalifungua faili lako kwa nano yangu ya wanaoanza, nikalisoma kwa kidole kuanzia juu. Mengi siyajui. Karibu na mwisho kuna mstari wenye alama ya reli, hii #, mbele, Rehema alishaniambia mstari wa hivyo mashine huuruka, ni wa binadamu. Umeandika: R za Baba. Chini yake, rs maana yake ls. Crear maana yake clear. Chini tena umeiagiza iulize kwanza kabla ya kufuta kitu chochote, na pembeni umeandika, asifute kwa hasira.

Na wa mwisho. Mahari, ukiandika mahari, inakuingiza kwenye folda ya mahali. Na alama ya reli, na maneno yako: mahari yangu imo humu, Baba, usimdai mtu.

Sikiliza. Watu wote walinisahihisha. Mwalimu wa kisomo alinichapa rula, mtu mzima mwenye mke. Karani wa bandari aliiandika upya fomu yangu huku anawaonyesha wenzake. Hata mama yako, kwa upendo. Wewe ulipoona baba yako amekwenda kunywa uji kwa hasira, ukaigeuza mashine. Ukaifundisha R yangu, ukafunga, ukanyamaza, ukangoja nirudi kukaa kile kiti. Sikurudi. Nilikuwa nadhani kuna siku nyingi.

Nisamehe kwa siku hizo, mayu.

Basi nikalia kidogo, halafu nikafanya kazi. Nikaandika mahari, nikaingia, nikawaona, Mama Kulwa, mke wa Shija, wote na mialo yao. Nikakata dirisha vipande viwili. Nikachomeka ile modemu yenye laini yako ya ujumbe. Programu ikavuta habari za mvua na upepo, ikaongeza zile dalili ulizokuwa ukinihoji na kuandika, upepo ukigeuka kutoka kisiwani asubuhi na maji yakanyamaza. Siku ya kwanza ikagoma, nilisahau alama ya nukta sehemu fulani. Siku ya pili ikagoma kwa sababu zake. Siku ya tatu Rehema alirudi akanionyesha kifaa kimoja tusichokuwa tumekileta. Tukakileta.

Siku ya nne asubuhi kweupe, jua kali, mbingu safi kama sahani, ujumbe ukatokea: leo saa saba mvua, funikeni.

Nikabonyeza itume. Sikuamini kama imetuma, nikabonyeza tena.

Nikavaa viatu nikashuka mwaloni, na karatasi yangu mfukoni. Nilikuta wanawake wanakusanya dagaa, wengine wanavuta maturubai, na Mama Kulwa ananipigia kelele kutoka mbali, "Tumesikia, Mzee Masanja! Mara mbili tumesikia! Hatuna masikio mabovu!" Mke wa Shija alikuwa pale anafunika chanja zake, na Shija mwenyewe ameshika simu ya mkewe, anautazama ujumbe, anatazama jua, anautazama ujumbe. Akasema, "Kaka, mbona kweupe?" Nikamwambia vuta turubai. Akavuta. Shija huyo!

Saa saba haikufika. Ilikuwa sita na nusu, mvua ya kwanza ya vuli, ile ya matone mazito yanayonuka vumbi. Tukasimama chini ya paa la mzani wote. Mama Kulwa akanisogelea, hakunitazama usoni, akasema, "Basi kweli ameacha mtu."

Kompyuta imebaki kwangu. Shija mwenyewe ndiye aliyesema, na kwenye kumbukumbu za kikao wameandika. Mpira anakwenda kuangalia kibandani.

Sasa mwanangu, nimemwaga maneno mengi na vidole vimechoka. Lipo jambo moja. Kwenye daftari la git maneno yako ya mwisho kabisa ni haya: bado ujumbe wa jioni. Ulitaka na wanaovua usiku wapate habari ya upepo kabla hawajatoka. Uliacha nusu ya kwanza, nusu ya pili ni tupu. Rehema alitaka kuimaliza, nikamkatalia. Atanifundisha, ataniandikia L zenye duara, lakini nitaipiga mimi. Nakuahidi kabla vuli haijaisha nusu ile itajaa, na mahali pa kuandika sababu nitaandika jina lako na langu. Nikifa kabla, utaniuliza huko. Lakini sifi, nina kazi.

Nenda salama, mayu. Wabeja, asante. Mimi nipo kwenye zamu.

Kama kuna atakayesema mzee Masanja amejisifu tu, amwulize Rehema wa Kiseke, aliyesikia makofi ya kibodi. Amwulize Mama Kulwa, aliyepata ujumbe mara mbili. Akiwakataa hao, aje afungue teminali hii aandike history, mashine itamtajia kila nilichoandika tangu siku ile, kwa namba, na makosa yote. Na akiikataa mashine, basi aandike rs. Ikimjibu, atajua uliniamini.

Baba yako,
Masanja, fundi wa pantoni